Gogo la Mzee Masanja

Mwanangu Skolastika,

Barua zote nilizowahi kuandika maishani nilizianza na yale maneno ya "mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali." Nilikuwa naandika hivyo nikiwa mpakani Kasumbalesa, miguu juu ya dashibodi ya lori, soda mkononi, sina hofu wala mashaka hata ya kumwazima jirani. Leo hata hujaondoka. Uko nyumbani unabishana na mama yako kuhusu blanketi, na mimi niko hapa kwenye duka letu la spea Majengo, nimefunga mlango nusu. Wateja wanagonga kuulizia fani belti, nawajibu zimekwisha, huku zinaning'inia juu ya kichwa changu. Hofu ninayo sasa, tena si ile ya kuandikia barua.

Ya blanketi, ya chakula na ya misa ya Jumapili atakuambia mama yako. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na mitatu. Nitakupa karatasi hizi mkononi jioni tukishakula, kisha nitatoka nje nikisema naangalia kama geti limefungwa. Geti litakuwa limefungwa. Wewe soma tu.

Unamjua baba yako. Darasa la saba, lakini la saba la enzi zile, lenye uzito wake. Nimevuka mipaka, nina Kifaransa cha kuombea njia na Kibemba cha kununulia mahindi. Kule Kipili nimewahi kuwauzia nyavu wavuvi waliokuwa wamekaa juu ya nyavu zao. Nikifika kijiweni watu husogeza mabenchi. Mdomo huu ndio uliokulisha na kukusomesha, sikatai. Lakini wiki iliyopita nimegundua kwamba mdomo huuhuu unaweza kukuua.

Unakumbuka tulipokwenda kununua sanduku lako la chuoni? Tulikuwa tunatoka ndani ya lile duka la giza, nje jua linawaka. Ukasimama mlangoni kama kawaida yako, mkono kwenye mwimo, macho wazi. Ukatoa simu ukajifanya unasoma meseji. Nikakuhesabia kimoyomoyo, nikafika nane, ndipo ukashuka ngazi. Nikakuambia, "Mama, kule Mbeya barabara si kama hizi zetu." Ukacheka ukanipiga begani.

"Baba naye! Madereva si wana macho? Wewe si uliniona Ilemba ukasimama? Na wao wataniona."

Nami nikasema nini? "Ila mimi ni mimi bwana, si kila dereva ana mguu kama wa baba yako." Mwenye duka akacheka, wewe ukacheka, tukabeba sanduku. Tangu siku ile chakula hakishuki. Mama yako anadhani ni huzuni ya kukukosa. Nimemwacha adhani hivyo.

Nirudi nyuma kidogo, maana ni makosa mengi na hili la Ilemba ni mkubwa wao tu.

Ulipokuwa mdogo nilikuita Kobe. Wenzako wakicheza rede wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kupigwa mpira, kila siku, mpaka wakachoka kukupiga wakawa wanakuonea huruma. Mimi niliyekuwa golikipa, niliyekuwa nadaka mpira huku nasalimiana na mashabiki, nina mtoto ambaye mpira unampita puani hauoni! Nikasema umezubaa. Mwalimu wako akaniita akasema ukitoka nje kwenye jua ukiingia darasani unakalia wenzako mapajani. Nikasema una utani, umerithi kwangu. Shangazi yako akasema umefungwa macho na watu, tukutafutie mtaalamu. Nikamcheka mbele za watu, mimi mtu wa dunia, halafu Alhamisi nikakupeleka kimyakimya. Zile chale mbili juu ya nyusi ulizoambiwa ni za surua, si za surua. Nisamehe na hilo, twende.

Sasa Ilemba. Hadithi unaijua kama nilivyoisimulia, na nimeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwa padri. Ulikuwa na miaka saba, likizo, ukang'ang'ania kupanda lori langu, lile lililoandikwa NIPISHE kwenye bampa, tushuke bondeni kuchukua mpunga. Ukalala ndani ya ghala juu ya magunia. Nikakuita, ukatoka mbio ukasimama mbele ya gari, na baba yako, jicho kama la mwewe, akakanyaga breki gari likasimama shibiri moja kutoka kifuani kwako. Nawe, badala ya kulia, ukauliza, "Baba, gari liko wapi?" Hapo ndipo watu huanguka chini kwa kicheko. Mtoto ameegemea bampa anauliza gari liko wapi! Miaka yote hiyo watu wa Majengo wakiniona nimepoteza funguo huniuliza, "Mzee, gari liko wapi?"

Shikilia hapo, nitarudi.

Ulipofika kidato cha nne ndipo yule daktari wa macho, mama mfupi mwenye sauti ya kiaskari, akakataa kukuandikia miwani kama wengine. Akasema herufi za ukutani unasoma vizuri, kwa hiyo shida si hapo. Tukaenda hospitali kubwa. Wakakubandika nyaya machoni wakakuwashia mwanga. Wa kwanza, mashine ikaonyesha jicho limejibu sawasawa. Wakawasha wa pili harakaharaka, kimya. Wakaacha kitambo, wakawasha tena, jicho likajibu. Daktari akanigeukia: "Mzee, jicho la mwanao linawaka vizuri. Tatizo ni kuzima." Nikamwambia mimi ni fundi wa taa za magari, aniachie hiyo kazi. Hakucheka. Nilianza kuogopa siku ile, kwa sababu watu wasiocheka utani wangu huwa wana jambo.

Damu ikapelekwa nje ya nchi, majibu yakakaa miezi. Yalipokuja, yalisema kuna protini moja mwilini mwako haifanyi kazi, na kosa lake ni la kurithi, lazima litoke kwa wazazi wote wawili. Mimi nilikuwa tayari nimeshatangaza kwamba ni upande wa mama yako.

Niliyapokea majibu kwa kutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wewe ndiye uliyenielewesha, ulipokuwa kidato cha sita, siku ile mezani, mama yako amekwenda jumuiya, Mzee Masanja amekuja na maziwa yake kutoka bondeni na amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Nakumbuka kila neno, maana sijawahi kusikiliza somo kwa woga kiasi kile.

Ulisema ndani ya jicho mna vipokezi vinavyongoja mwanga. Mwanga ukigonga, kipokezi kinaamsha mjumbe, ile protini mnayoiita protini G. Mjumbe huyo akiamka anashika kitu kidogo mkononi, na maadamu amekishika anakimbia kupeleka habari: mwanga, mwanga, mwanga. Nikauliza, nani anamwambia inatosha? Ukasema hapo ndipo penyewe. Mjumbe anaweza kukivunja kile kitu mwenyewe na kulala, ila anajivuta. Kwa hiyo mwili umeweka protini nyingine, kazi yake ni kuja kumharakisha avunje, alale, apishe habari mpya. "Mimi hiyo ndiyo sina, baba. Mjumbe wangu analala, ila kwa wakati wake. Nikitoka gizani kuingia juani anaendelea kupiga kelele za mwanga uleule wa mwanzo, na mpaka atulie mimi sioni kitu."

Nikasema bado sijaona sawasawa. Ukafikiri, halafu ukanyoosha kidole.

"Ni kama Mzee Masanja na gogo lake."

Nikapaliwa na chai.

"Si ulituambia lori lako breki zilikuwa nzito? Ukiachia mafuta linakwenda linakwenda, litasimama ila kwa hiari yake. Mpaka Mzee Masanja aruke chini aweke gogo kwenye gurudumu. Basi, jicho langu ni lori lisilo na Mzee Masanja. Na protini za namna hiyo ziko nyingi, baba. Kwenye moyo zipo, kwenye ubongo zipo. Kazi yao ni kuzima tu."

Mzee Masanja alikutazama, halafu akanitazama mimi. Akasema, "Huyu mtoto ana akili, Mfipa. Hakuitoa kwako." Nikamjibu, "Nyamaza wewe, Msukuma, umetembea na ng'ombe kutoka kwenu mpaka huku hukuona hata gari la kudandia." Tukacheka utani wetu ule wa siku zote. Lakini aliuweka mezani mkono wake wa kulia, ule wa vidole vitatu, pembeni ya kikombe, na hakuuondoa.

Sasa nakuambia ya Ilemba.

Masanja alikuwa utingo wangu, mtu mzima kuliko mimi. Ng'ombe wake walikufa kwa ugonjwa mwaka aliofika bondeni, akaja kuniomba kazi. Kwenye ule mteremko wa kushukia bonde yeye ndiye aliyekuwa uhai wangu, anatembea pembeni ya gurudumu na gogo la mninga begani. Breki za NIPISHE zilitaka zikanyagwe mara mbili, tatu, ndipo zishike. Alinisihi tuzitengeneze. Nikamwambia breki ni za madereva waoga.

Siku ile palikuwa na watu wengi uwanjani, wapakiaji, akina mama wa mpunga, na mimi niko kwenye usukani nataka waone. Nikakuita kwa honi. Ukatoka ghalani, jua la saa saba linachoma, ukasimama katikati ya njia umenikazia macho. Nilikuona, Skola. Nataka uelewe hapo vizuri: nilikuona. Kwa hiyo nikajua na wewe umeniona. Nikasema ngoja nimtishe kidogo, nimsogelee, aruke, watu wacheke. Nikaachia gari. Hukuruka. Nikasema huyu ana moyo kama wa baba yake. Nikapiga honi, ukageuza kichwa upande mwingine kabisa, na bado hukuruka. Mpaka akili yangu inapata habari kwamba huruki, mguu ulikuwa bado uko kwenye mafuta. Nikakanyaga breki mara moja, hewa. Mara ya pili, hewa. Sikupata ya tatu.

Masanja aliingia chini ya ubavu wa gari na gogo. Hakuwa na nafasi ya kulitupa, alilisukuma kwa mkono. Gurudumu likapanda juu ya gogo, likarudi, likatulia. Vidole viwili vilibaki kati ya gogo na tairi.

Ndipo ukauliza, "Baba, gari liko wapi?" Nilishuka, nikakuzaba kibao mbele za watu kwa sababu nilidhani unanikejeli. Ulikuwa unauliza kweli. Ulikuwa hujaliona.

Njiani kurudi, Masanja amefungwa mkono kwa khanga ya mama mmoja wa pale, nilimwomba aseme alibanwa na ubao wa bodi. Nikamwambia mama yako akijua hatanipa tena mtoto. Tulipomaliza mlima akasema, "Sawa, dereva." Hakuniita Mfipa, aliniita dereva. Kufika mjini nilikuwa tayari nimeshaipanga hadithi na kuiwekea mahali pa kuchekea.

Nimeisimulia sana mpaka mguu wangu wenyewe unakumbuka ile breki. Wewe umekulia ndani yake. Na sasa unaichukua unakwenda nayo Mbeya kama karatasi ya bima.

Mwezi uliopita nilipokuaga nakwenda Mbeya kufuata spea, sikufuata spea. Nilikwenda kuangalia chuo chenu. Hosteli iko upande huu wa barabara kuu na madarasa upande ule. Nilikaa kwa mama lishe mmoja asubuhi mpaka jioni, nimekula wali mara tatu ili asinifukuze. Malori yanashuka pale yakitoka Tunduma, yamebeba shaba, mengine mabomba yake ya moshi nayajua kwa sauti. Mbele ya geti la hosteli kuna miti ina kivuli kizito, na hatua kumi tu kutoka kwenye kivuli uko kwenye lami, kwenye jua jeupe. Nilitazama wasichana wanavyotoka kivulini wanavuka wanachekeana. Kila mmoja nilimvika sura yako. Nilijikuta nimesimama, kijiko mkononi. Mama lishe akaniuliza, "Baba, unaumwa?"

Kuna kitu sisi wenye magari hatuwaambii waendao kwa miguu. Dereva haangalii miguu yako, anaangalia macho. Akiona umemkazia macho, moyoni anasema huyu kaniona, na mguu unabaki palepale kwenye mafuta. Mtu mwenye fimbo nyeupe tunamsimamia. Mlevi tunamsimamia. Ng'ombe ndiyo usiseme. Lakini binti aliyesimama wima, mwenye macho makubwa ya mama yake, anatutazama moja kwa moja? Huyo tunamwachia ajitunze mwenyewe. Nimeendesha miaka ishirini na mbili, sina haja ya kukudanganya tena. Wataniona, ulisema. Ndiyo, mama, watakuona. Hapo ndipo ninapoogopa.

Nimefanya na jambo jingine ambalo utalichukia. Kwenye lile kundi letu la madereva kwenye simu nimetuma picha yako, ile ya mahafali, nikaandika: huyu ni binti yangu, mkimwona pale chuoni amewakodolea macho, msiamini. Mmoja akajibu, "Mzee, tutamtambuaje kwa kasi ile?" Mwingine akaweka picha ya kucheka: "Gari liko wapi?" Nikaifuta picha yako. Mimi ndiye niliyewafundisha kucheka hapo.

Sitakuambia usiende. Nilitaka. Wiki nzima nimekuwa nikitafuta ugonjwa wa kuumwa ili ubaki, na mama yako akinitazama hivi najua amenigundua. Lakini wewe ndiye uliyenieleza mimi kile kilichomo ndani ya jicho lako, ukaniwekea na gogo nielewe. Mtu wa namna hiyo hawezi kubaki Majengo kuuza fani belti.

Ila ile simu unayojifanya unaisoma mlangoni, Skola, hiyo ni yangu. Haiko kwenye damu waliyoipeleka nje, umeichukua kwangu ukiniangalia. Ni kujionyesha mzima ili watu wasicheke. Mimi nilifanya hivyo na Masanja akalipa. Kama unaweza, mwambie mtu mmoja tu kule, yule utakayelala naye chumba kimoja. Mwambie, "Nikitoka kivulini sioni kitu, nishike mkono mpaka niseme tayari." Kama huwezi siku ya kwanza, mwambie ya pili. Mimi nitakuwa huku siwezi kukanyaga chochote.

Jana nilimpigia Masanja. Nikamwambia nataka kukueleza, anipe ruhusa. Nikasikia ng'ombe wake nyuma. Akasema, "Miaka yote hii nilidhani umeshamwambia. Nilikuwa nashangaa kwa nini ananisalimia kama mtu wa kawaida tu." Kesho asubuhi atakuwa stendi kukuaga, anapanda na gari la usiku kutoka bondeni. Ukimpa shikamoo, ipe kwa mkono. Usiuachie upesi.

Na kesho, ukishapanda basi, usinitafute dirishani mara moja. Najua mle ndani mna giza na nje kutakuwa na jua. Nitasimama palepale mpaka unione, hata kama basi limekata kona.

Uliniuliza swali ukiwa na miaka saba nikakujibu kwa kibao, halafu nikalifanya la kuchekesha watu. Nalijibu leo. Gari lilikuwa mbele yako, mwanangu, shibiri moja. Baba yako ndiye aliyekuwa analiendesha, na aliyelisimamisha ni Masanja.

Ni mimi, baba yako, niko nje getini.